Ukemi: Kauli ya Kutendwa na Stadi ya Kuanguka katika Judo na Aikido

Utangulizi

Mtu anayejiunga kwa mara ya kwanza na ukumbi wa judo nchini Japani huenda akatarajia kufundishwa namna ya kumbwaga mwenzake. Matarajio hayo hukatizwa mapema. Siku ya kwanza hulazwa chali juu ya mkeka, akaambiwa alitazame fundo la mshipi wake, kisha aupige mkeka kwa mikono yote miwili, mara kumi, mara ishirini, mpaka viganja viwe vyekundu. Baadaye huketi na kujiangusha nyuma, kisha huchutama, hatimaye husimama. Siku nyingi hupita kabla hajamshika mtu yeyote kwa nia ya kumwangusha. Wengi huyachukulia mazoezi hayo kuwa ushuru wa kulipwa mlangoni kabla ya kuingia sokoni: kero ya lazima, ambayo mtu akishaimaliza ataisahau.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo ni potofu. Stadi ya kuanguka, ambayo Wajapani huiita ukemi, ni nusu ya sanaa yenyewe, na nusu ya pili haiwezi kufunzwa bila hiyo. Aidha, pale ukemi ulipopuuzwa, au pale mzigo wake ulipotwikwa mtu mmoja ilhali ulipasa kubebwa na wawili, watu wamepoteza maisha, wengi wao wakiwa watoto wa shule. Kabla ya kulifikia hilo, hapana budi kulichunguza neno lenyewe, kwa kuwa lina mengi ya kumfaa mwanafunzi wa lugha.

Neno na maana yake

Neno ukemi limeundwa kwa sehemu mbili: uke, inayotokana na kitenzi ukeru chenye maana ya kupokea, na mi, yaani mwili. Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na u- ya mwanzo akaidhania kuwa kiambishi cha ngeli. Ni sehemu ya mzizi wa kitenzi, ingawa hapa neno limepatanishwa kama nomino za ngeli ya U, jinsi sikio la Kiswahili linavyotaka. Tafsiri ya sehemu kwa sehemu basi ni "mwili upokeao", au kupokea kwa mwili. Ikumbukwe kwamba hamna neno "kuanguka" popote ndani yake. Anayebwagwa anapokea kitu, na kinachojadiliwa ni namna anavyokipokea.

Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba neno hilohilo ndilo wanalolitumia wanasarufi wa Kijapani kuitaja kauli ya kutendwa. Mwanafunzi wa shule nchini Japani akiambiwa ageuze kitenzi kiwe ukemi, atakitia kiambishi tamati cha kutendwa, kama ambavyo mwanafunzi wa Kenya angegeuza "piga" iwe "pigwa". Isitoshe, kauli hiyo katika Kijapani ina matumizi ambayo mzawa wa Kiswahili atayatambua mara moja. Mjapani husema ame ni furareta, akiwa na maana ya "alinyeshewa na mvua". Na husema chichi ni shinareta, yaani "alifiwa na baba". Sisi hutumia kauli ya kutendewa; wao hutosheka na kutendwa. Lakini lugha zote mbili zimefanya jambo moja: zimemchukua mtu aliyefikwa na tukio zikamweka mahali pa kiima. Aliyefiwa hakutenda lolote, hata hivyo sentensi inamhusu yeye, wala haimhusu marehemu.

Katika mazungumzo ya kila siku Wajapani hulitumia neno ukemi pia kumlaumu mtu aliyezubaa, anayesubiri mambo yamfike bila kuchukua hatua. Katika ukumbi wa mazoezi maana hiyo hupinduliwa. Anayeangushwa ndiye mwenye kazi nyingi zaidi katika nusu ile ya sekunde, na ndiye kiima cha sentensi.

Kiswahili nacho hakikosi la kusema. Tuna "kuanguka", kitenzi kisichotaja mtendaji, tuna "kuangusha", tuna "kuangushwa". Tuna pia mwereka, na msemo "kula mwereka". Msemo huu wa mwisho ndio unaokaribia zaidi fikra ya Kijapani, kwani mlaji hupokea, na mwenye kupokea anaweza kula kwa adabu au akapaliwa.

Katika zoezi la wawili, kila mmoja ana jina lake. Anayetekeleza mbinu katika judo huitwa tori, kutokana na kitenzi toru, kutwaa au kushika. Anayetendewa huitwa uke, mpokeaji. Katika aikido jina la kwanza aghalabu ni nage, kutokana na nageru, kutupa. Jina la pili halibadiliki. Makala haya yatayatumia majina tori na uke.

Kano na swali lisilojibiwa

Judo iliasisiwa na Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki mwaka 1938. Akiwa kijana dhaifu wa mwili, mwaka 1877 alianza kujifunza jujutsu, sanaa kongwe ya mapigano ya Japani, chini ya mwalimu Fukuda Hachinosuke wa mkondo wa Tenjin Shin'yo. Kano mwenyewe alisimulia baadaye jinsi siku moja mwalimu alivyombwaga kwa mbinu fulani. Kano akainuka na kuuliza: mkono unafanya nini? Mguu unawekwaje? Mwalimu akamwambia asogee, akambwaga tena. Kano akauliza tena, akabwagwa tena. Hatimaye Fukuda akamweleza kuwa maswali yangemfikisha mahali padogo tu. Maarifa yangekuja kwa kuangushwa mara nyingi.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama mfano wa ukaidi wa walimu wa kale, na bila shaka upo ukaidi ndani yake. Kano, aliyekuwa msomi wa chuo kikuu na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu jijini Tokyo, hakuridhika na ufundishaji wa namna hiyo. Judo yake ilisheheni maelezo. Hata hivyo, Fukuda hakuwa amekosea kabisa. Mtu anayebwagwa huhisi mwilini mwake mahali mizani inapovunjika, wakati nyonga ya mwenzake inapoingia, upande ambao nguvu inaelekea. Habari hizo hazimfikii mtazamaji aliyeketi kando. Uke ni msomaji, na mwili wa tori ni matini yake.

Mwaka 1882 Kano alianzisha shule yake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo. Ukumbi wake wa kwanza ulikuwa na mikeka 12 tu. Mkeka wa Kijapani, tatami, una urefu wa takriban sentimita 180 na upana wa sentimita 90; kwa hiyo eneo lote lilikuwa la mita za mraba zisizofika 20. Katika nafasi finyu kama hiyo vijana wenye nguvu walibwagana siku baada ya siku, na asiyejua kuanguka hangedumu.

Kano aliziacha kando mbinu za jujutsu zilizokuwa hatari mno, akabakisha zile zinazoweza kufanywa kwa nguvu zote bila ya kumlemaza mwenzako. Uteuzi huo ulijengwa juu ya sharti moja: kwamba anayebwagwa ataweza kuinuka. Bila ya ukemi mbinu zilezile zilizoitwa salama zisingekuwa salama, na mazoezi ya kushindana kwa hiari yasingewezekana. Kwa maana hii inawezekana kudai kwamba ukemi ndio ulioifanya judo iwe mchezo wa kufundishwa shuleni, na hatimaye, mwaka 1964 jijini Tokyo, mchezo wa Olimpiki.

Mwili unavyoupokea mkeka

Mwili ulioinuliwa mita moja juu ya mkeka kisha ukaachiliwa hufika chini kwa muda usiozidi nusu ya sekunde, ukiwa na kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde, karibu kilomita 16 kwa saa. Tori akiongeza nguvu zake, kasi huzidi. Kasi hiyo haina budi kumalizwa mahali fulani. Ikimalizwa katika umbali wa sentimita moja, kama inavyotukia mfupa unapokutana na sakafu ngumu, mshtuko wa wastani unaoupata mwili ni sawa na mara 100 ya mvutano wa dunia. Ikimalizwa katika umbali wa sentimita 10, mshtuko hushuka hadi mara 10. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mtu anayeinuka akicheka na mtu anayebebwa kwa machela. Kila kanuni ya ukemi ni njia ya kuirefusha safari ile ya mwisho, au kuutandaza mshtuko juu ya eneo pana la mwili, au kukilinda kichwa.

Kichwa hutangulia vingine vyote. Katika ushiro ukemi, yaani kuanguka nyuma, kidevu huvutwa kifuani na macho huelekezwa kwenye fundo la mshipi. Agizo la kuutazama mshipi ni hila ya walimu: mwanafunzi akikumbuka kutazama, shingo hujikunja yenyewe. Magoti hukunjwa, makalio hushushwa karibu na visigino, na mgongo huviringwa kama tumbo la mtumbwi ili ubiringike badala ya kutua bapa. Mgongo unapofika, mikono yote miwili hupiga mkeka kwa pamoja, kuanzia bega hadi kiganja, ikiwa mbali na mbavu kwa pembe ya kama nyuzi 30 hadi 45. Ikitanuliwa zaidi ya hapo bega huumia. Ikibanwa mno, kisugudi hujikuta chini ya mwili.

Yoko ukemi ni kuanguka ubavu, nao ndio utumikao zaidi, kwa kuwa mbinu nyingi za judo humlaza uke kwa upande. Mkono mmoja hupiga, ule mwingine huwa umeshikwa na tori. Miguu haipishanishwi, la sivyo magoti na vifundo hugongana. Mae ukemi, kuanguka mbele, huwa na sura mbili. Ya kwanza ni ya kupokea kwa vigasha na viganja, kisugudi kikiwa kimekunjwa. Ya pili ni ya kubiringika, na hapo mwili hugeuka gurudumu: ukingo wa mkono hugusa kwanza, kisha kigasha, kisha bega, kisha mstari wa mshazari unaokata mgongo hadi nyonga ya upande wa pili. Uti wa mgongo haubiringiwi kwa urefu wake, wala kichwa hakigusi kitu. Anayebiringika vizuri huifanya nguvu iliyomwangusha imwinue, akajikuta amesimama.

Yote haya yanapingana na silika. Mtu anayeanguka hunyoosha mkono kuikinga ardhi, na mkono huo ulionyooka ndio uvunjao kifundo, utenguao kisugudi, na upelekao mshtuko hadi kwenye mtulinga. Silika haisahihishwi kwa maelezo. Nusu ya sekunde haimpi mtu nafasi ya kukumbuka somo. Humpa nafasi ya kufanya kile ambacho mwili umekwisha kukizoea. Hii ndiyo sababu ya marudio yale yanayowachosha wageni, na ndiyo sababu hata wenye mishipi myeusi huanza kila zoezi kwa kuanguka.

Yapo mabishano kuhusu kule kuupiga mkeka. Wanajudo hukutukuza, na mlio wake hujaza ukumbi. Wanaaikido wengi hukutilia shaka: wanasema kwamba mkeka wa leo umetengenezwa kwa povu lililoshindiliwa, na kwamba anayeuzoea ataupiga hata ubao au saruji, aumie mkono bure. Wao hupendelea kuanguka kimyakimya, mwili ukiyeyukia chini. Utafiti uliofanyika Nijmegen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2007, ulipima nguvu inayoifika nyonga ya mtu anayeanguka ubavu. Ilibainika kuwa mbinu ya kubiringika iliyotoholewa kutoka sanaa hizi hupunguza nguvu hiyo kwa zaidi ya robo, na kwamba matumizi ya mkono hayakuleta nafuu ya ziada. Tokeo hilo linawaunga mkono wanaaikido kwa kiasi fulani. Hata hivyo, lilitokana na watu waliojiangusha wenyewe kutoka kimo kifupi. Aliyerushwa juu ya bega la mwenzake na kutua kwa kishindo yumo katika hali nyingine, na kwake mkono unaopiga kwa wakati ufaao una kazi, hata ikiwa ni ile tu ya kumzuia asiunyooshe. Wakati ndio muhimu. Mkono unaopiga baada ya mgongo kutua hutoa mlio, basi.

Kazi ya wawili

Hadi hapa ukemi umeelezwa kana kwamba ni wa mtu mmoja. Lakini katika mazoezi ya wawili anguko lina wenyewe wawili, na tori ana sehemu yake. Katika judo, mkono wa tori unaoshika mkono wa koti la uke hauachiliwi anguko linapokaribia mwisho. Huvutwa juu kidogo. Kitendo hicho huligeuza bega la uke, humfanya atue kwa ubavu, na hukizuia kichwa kufika chini kwa kishindo. Mtazamaji asiyejua huona ushindi mtupu. Mjuzi huona kwamba mshindi, katika kitambo kilekile cha kushinda, anamtunza aliyeshindwa. Kano aliufungamanisha mchezo wake na kauli ya jita kyoei, ustawi wa pamoja wa mtu na mwenzake. Kauli ambayo ingekuwa maneno matupu kama isingekuwa na mkono unaoishika.

Wajibu wa uke nao ni mzito. Hapaswi kujiangusha kabla ya kuangushwa, kwani hapo humdanganya mwenzake kwamba mbinu imefanya kazi. Hapaswi pia kukakamaa, kwani atamnyima mwenzake somo na kujiumiza. Anatakiwa kutoa shambulio la kweli, kuipoteza mizani kikweli, na kupokea matokeo yake. Katika nage no kata, mfululizo rasmi wa mbinu za kubwaga, zipo mbinu 15 zinazofanywa kulia na kushoto. Uke huanguka mara 30, na waamuzi wa mtihani humtazama yeye kama wanavyomtazama tori.

Katika aikido, iliyoasisiwa na Ueshiba Morihei (1883–1969), mkondo mkuu hauna mashindano kabisa. Wawili hubadilishana: mmoja hushambulia na kuanguka kwa zamu yake, kisha mwenzake. Kwa hiyo mwanaaikido hutumia nusu ya maisha yake ya mazoezi akiwa anaangushwa. Wanafunzi wakongwe wa Ueshiba waliteuliwa kuwa uke wake mbele ya hadhira, na kuteuliwa huko kulihesabiwa kuwa heshima, maana ndiko kulikowapa nafasi ya kuihisi mbinu ambayo wengine waliitazama tu.

Mikondo ya kale ya upanga inalisogeza jambo hili mbele zaidi. Katika mazoezi yake ya wawili, anayeshambulia na kushindwa huitwa uchidachi, na kwa desturi nafasi hiyo hushikwa na mkubwa: mwalimu, au mwanafunzi mkongwe. Mdogo hupewa nafasi ya kushinda. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Anayeshindwa ndiye anayeamua kasi, masafa na ugumu wa shambulio. Ndiye anayempima mdogo na kumwongezea mzigo kidogokidogo bila ya kumvunja. Kushindwa vizuri kunahitaji ujuzi ambao mdogo bado hana.

Vifo vya shuleni

Kutokana na hayo, mtu angetarajia Japani, nchi iliyoizaa stadi hii, iwe mahali salama kuliko pote pa kuangushwa. Ukweli ulidhihirika kuwa kinyume. Uchida Ryo, mwanasosholojia wa elimu katika Chuo Kikuu cha Nagoya, alizikusanya kumbukumbu za bima ya ajali za shuleni na kuzichambua. Kazi yake ilionyesha kwamba tangu mwaka 1983 hadi mwaka 2011 zaidi ya wanafunzi 110 wa shule za kati na za upili walikuwa wamefariki katika judo, wengi wao katika vilabu vya baada ya masomo. Zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na majeraha ya kichwa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndio waliokuwa wengi. Mbinu iliyotajwa mara nyingi ni osoto-gari, ambapo tori huufyeka mguu wa uke kutoka nyuma na kumlaza chali: anguko ambalo hukilenga kisogo moja kwa moja. Aikido nayo ina mbinu ya hatari ya aina hiyo, shiho-nage, inayomwangusha uke nyuma mkono wake ukiwa umekunjwa karibu na bega.

Idadi hiyo haikujulikana na umma kwa miaka mingi, kwa vile kila kifo kilihesabiwa kuwa ajali ya shule moja. Mwaka 2010 familia za wahanga ziliunda chama chao. Mjadala ulipamba moto zaidi kwa kuwa serikali ilikuwa imeamua kwamba kuanzia Aprili 2012 sanaa za mapigano ziwe somo la lazima katika shule za kati, kwa wavulana na wasichana, na shule nyingi zilikuwa zimeichagua judo.

Maelezo ya haraka yanayotolewa mtoto anapoumia ni kwamba hakuwa amejua kuanguka. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Kati ya ubongo na utando mgumu unaolizunguka fuvu kwa ndani ipo mishipa myembamba ya damu inayoviunganisha viwili hivyo. Kichwa kinapozungushwa kwa ghafla, fuvu hutangulia na ubongo huchelewa, na mishipa hiyo inaweza kuchanika. Damu hujikusanya chini ya utando na kuukandamiza ubongo. La kutisha ni kwamba hilo linaweza kutukia hata kichwa kisipougonga mkeka. Mzunguko wenyewe hutosha. Mtoto wa miaka 12 au 13, mwenye shingo changa, aliyechoka baada ya kubwagwa mara nyingi na mtu mkubwa kumshinda, hawezi kukizuia kichwa chake hata kama alifuzu zoezi la kuutazama mshipi. Na aliyeumia kichwa kidogo, akaumwa kichwa siku mbili tatu, kisha akarudishwa mkekani, yumo katika hatari iliyo kubwa zaidi.

Hapa ndipo tafsiri ya neno inapokuwa na uzito. Kusema kwamba mtoto alikufa kwa kutojua ukemi ni kumpa uke deni lote la anguko lililokuwa la wawili. Aliyembwaga alikuwa nani? Je, aliushikilia mkono wa koti? Mwalimu aliyeruhusu mzito ambwage mgeni alikuwa akitazama nini? Sarufi ina jibu lake: kauli ya kutendwa inaweza kumficha mtenda. "Aliangushwa" ni sentensi kamili hata bila "na fulani". Ripoti za ajali, kwa lugha yoyote ile, huipenda sentensi ya aina hiyo.

Wazazi wa wahanga waliilinganisha nchi yao na Ufaransa, ambayo shirikisho lake la judo kwa muda mrefu limekuwa na wanachama zaidi ya nusu milioni, kuliko lile la Japani, na wengi wao ni watoto. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1955 ya kudhibiti kazi ya ualimu wa judo, hivyo kwamba anayefundisha kwa malipo sharti awe na shahada inayotambuliwa na serikali. Japani, kinyume chake, ilitegemea mshipi mweusi kama uthibitisho. Mshipi mweusi huthibitisha kwamba mtu anajua kubwaga na kubwagwa. Hauthibitishi kwamba anaweza kumwona mtoto aliyechoka.

Baada ya mwaka 2012 miongozo ilikazwa, walimu walipelekwa mafunzoni, na vifo vilipungua sana, ingawa havikukoma kabisa. Mwezi wa Machi 2022 Shirikisho la Judo la Japani lilitangaza kuyafuta mashindano ya kitaifa ya mtu mmoja mmoja kwa wanafunzi wa shule za msingi, likieleza kuwa tamaa ya ushindi ilikuwa imewatawala watu wazima wanaowazunguka watoto. Uamuzi huo ulilaumiwa na baadhi ya watu, waliohofia kwamba mchezo utakosa vipaji. Ni vigumu kuikubali hofu hiyo. Kocha anayeitafuta medali ya mtoto wa miaka 11 atayapunguza mazoezi ya kuanguka kabla ya kupunguza mengine yote, kwa kuwa hakuna medali ya kuanguka.

Walimu wengi sasa humwanzisha mgeni kwa kumbwaga kutoka chini: uke hupiga goti moja au yote mawili, ili kimo cha anguko kiwe kifupi, na tori huifanya mbinu polepole. Osoto-gari huahirishwa hadi baadaye. Mwanafunzi anayebwaga hupewa agizo ambalo hurudiwa kila mara kabla ya zoezi kuanza: asiuachilie mkono wa koti la mwenzake mpaka mwenzake awe amelala, na asigeuke kwenda zake mpaka amwone ameinuka.